Sauti Ifike Wapi?

Watu wengi hudhani kwamba kununua vyombo vya muziki ni shauri la fundi na mwenye duka. Fundi ataeleza habari za wati, mwenye duka atataja bei, mnunuzi atatazama mfuko wake, na mambo yamekwisha. Mimi naona sivyo. Mtu anayechagua spika anachagua pia jinsi atakavyoishi na jirani zake, na jinsi atakavyogawana na wenzake kile wanachokipata. Kwa sababu hiyo swali la vyombo ni swali la maadili, kama lilivyo swali la kisima au la mpaka wa shamba.

Swali lenyewe sikulitafuta. Hapa Lukuledi, katika njia ya kutoka Masasi kwenda Nachingwea, wapo vijana sita wenye bendi yao ndogo. Hupiga harusini, kwenye mahafali ya shule, kwenye sherehe za kuwapokea watoto waliotoka jandoni, na hasa wakati wa msimu wa korosho, fedha zinapokuwa mikononi mwa watu. Wawili kati yao niliwafundisha kusoma na kuandika. Walikuwa wameweka akiba kwa misimu mitatu, nao walinijia na karatasi yenye njia mbili. Ya kwanza ilikuwa spika mbili kubwa za besi, amplifaya yenye nguvu nyingi, na jenereta kubwa ya kuviendesha. Mfanyabiashara mmoja alikuwa tayari kuwakopesha nusu ya fedha. Ya pili ilikuwa spika mbili za wastani zenye stendi zake, maiki nne za kuaminika, mikisa ndogo, na spika moja ya kuwaelekea waimbaji wenyewe. Hii haikuhitaji mkopo. “Mwalimu,” wakaniuliza, “tuchukue ipi?”

Ndugu msomaji, kabla ya kusema lililo jema ni lazima kwanza tujue lililo kweli. Nilifundishwa chuoni, nilipokuwa nikijiandaa kuwa mwalimu, kwamba somo la maadili lisiloanza na ukweli wa vitu huishia kuwa mahubiri matupu. Basi tutazame jinsi sauti inavyokwenda.

Wengi huamini kwamba wati 1,000 hutoa sauti mara mbili ya wati 500. Sikio halisemi hivyo. Kuongeza nguvu ya amplifaya maradufu huongeza desibeli 3 tu, nazo ni tofauti ndogo kwa msikilizaji. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, nguvu inatakiwa kuongezwa karibu mara 10. Tena spika hazilingani. Spika iliyoundwa vizuri, inayotoa desibeli 3 zaidi ya nyingine kwa wati zile zile, imekupa faida ile ile ambayo ungeipata kwa kununua amplifaya yenye nguvu mara mbili, wala haidai mafuta zaidi ya jenereta. Mwenye kununua wati kwa kutazama namba peke yake ananunua gunia bila kutazama kilichomo.

Jambo la pili ni umbali. Katika uwanja wa wazi, kila umbali unapozidishwa mara mbili, sauti hupungua desibeli 6. Chukua uwanja wa shule. Aliyeketi mita 2 kutoka kwenye spika iliyowekwa chini, na aliyesimama mita 32 nyuma chini ya mkorosho, wanatofautiana kwa desibeli 24. Ukifungulia sauti mpaka yule wa nyuma aridhike, wa mbele umemwumiza. Ukipunguza ili wa mbele apone, wa nyuma haambulii neno. Fundi asiye na busara huongeza nguvu. Fundi mwenye busara huinua spika juu ya vichwa vya watu, ili hata wa mbele awe mbali nayo kidogo na miili ya waliokaa mbele isimeze maneno ya waliokaa nyuma. Akiweza, huweka spika nyingine ndogo katikati ya uwanja. Hakuongeza chochote ila amegawa vizuri. Sisi tulioishi miaka mingi tukisikia habari za mgawanyo wa haki hatuna budi kuitambua hekima hiyo hata inapokuja kwa sura ya stendi ya chuma.

Jambo la tatu ni ule mlio mkali unaowafanya watu wazibe masikio. Watu husema maiki ni mbovu. Mara nyingi maiki ni nzima, bali imesikia spika. Sauti iliyotoka kwenye spika imeingia tena kwenye maiki, ikakuzwa, ikatoka, ikaingia tena, mpaka yote yakawa mlio mmoja. Dawa yake ni kuweka spika mbele ya maiki, zikielekea watu na kuipa maiki kisogo, na kupunguza nguvu. Mimi huufikiria mlio huo kila ninapomwona kiongozi aliyezungukwa na watu wanaomrudishia maneno yake mwenyewe. Yeye hudhani anasikiliza wananchi, kumbe anajisikia mwenyewe, kila safari kwa nguvu zaidi.

Baada ya kuyajua haya tunaweza kuuliza swali lenyewe: mwenye chombo cha kupaza sauti ana haki ya kusikika mpaka wapi?

Wazee wetu Wamakua, Wayao na Wamakonde hawakuwa watu wa kunong'ona. Ngoma za jando na unyago zilikesha, na usiku mtulivu zilisikika kijiji cha pili. Basi kijana akiniambia, “Mwalimu, hata ninyi mlipiga kelele,” siwezi kumkana. Lakini zipo tofauti mbili. Kwanza, nguvu ya ngoma ilitoka katika mkono wa mtu, na mkono huchoka. Ngozi nayo hupoa, sharti irudishwe motoni ikazwe, na wakati huo watu hupumzika. Kipimo kilikuwa ndani ya chombo chenyewe. Jenereta haichoki, na spika haihitaji moto. Kipimo ambacho zamani kiliwekwa na mwili sasa hakina budi kuwekwa na dhamiri. Pili, ngoma ile ilikuwa ya kijiji kizima. Mtoto aliyekuwa akichezwa alikuwa wa wote, na mwenye msiba alijulikana, hata siku ikasogezwa. Sherehe ya leo ni ya mwenye kadi. Jirani hakualikwa kula, ila amelazimishwa kusikiliza.

Hapo ndipo panapo shida. Mwingereza John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mwaka 1859 juu ya uhuru, alieleza kwamba jamii inaweza kumzuia mtu kwa haki pale tu anapowadhuru wengine. Wengi hupenda kulitaja wazo hilo kutetea starehe zao, wakasahau kwamba sauti haikai ndani ya ua. Moshi wa jiko langu nikiuona unaingia kwako nitaona haya. Sauti haionekani, kwa hiyo haya nayo hupotea. Madhara yake si maneno tu. Wataalamu wa afya kazini hueleza kwamba sikio linaweza kuvumilia desibeli 85 kwa saa 8, na kwamba kila zikiongezeka 3 muda huo hupungua nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, mpaka 100 ambazo ni dakika 15 tu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kiwango cha kumbi za burudani, kwamba wastani usizidi desibeli 100. Nchini kwetu zipo kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, chini ya Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004. Sheria ni nzuri, ila mkaguzi hayupo Lukuledi saa nane ya usiku. Aliyepo ni mpiga besi na mkono wake juu ya kitufe.

Yapo pingamizi, na kubwa kuliko yote nililisikia kwa huyo mpiga besi. Alisema: “Mwalimu, mjini wenye mabaa wana maspika kama makabati, na hakuna anayewaambia wapunguze. Sisi wa kijijini tukitaka kusikika mara moja tu, tunaambiwa habari za adabu. Kwani maskini lazima anong'one?” Sikumjibu upesi, kwa maana alisema jambo la haki. Historia ya mkoa wetu ni historia ya watu waliosubiri. Huko juu, upande wa Newala, kina mama walishuka mabondeni kutafuta maji na kupanda tena na ndoo kichwani, miaka na miaka, kabla maji hayajasukumwa na mashine kupanda huko. Mtu aliyezoea kutosikika akipata kipaza sauti, utamlaumuje akikifungulia mpaka mwisho?

Hata hivyo nadhani kijana alichanganya mambo mawili, kusikika na kueleweka. Muziki wa dansi wa nchi hii haukupendwa kwa ukubwa wa spika. Bendi ya NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, na Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ziliingia mpaka vibandani kwetu kupitia redio ndogo za betri, ambazo spika zake zilitoshea kiganjani. Tulizisikiliza kwa ajili ya maneno: visa vya ndoa, vya wivu, vya mtu aliyesahau kwao. Spika kubwa ya besi haibebi maneno, hubeba mdundo. Neno hubebwa na maiki nzuri, na mwimbaji anayejisikia mwenyewe. Asipojisikia hupiga ukelele, ukelele humkausha koo, na kabla ya usiku wa manane ameishiwa. Maskini mwenye la kusema amedhulumiwa akipewa chombo kinachopaza kila kitu isipokuwa neno lake.

Kisha lipo suala la mkopo, nalo ndilo lililonisumbua zaidi. Bendi zetu nyingi za wakati ule zilikuwa mali ya taasisi. NUTA ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Bima Lee ya shirika la bima. Mpango huo ulikuwa na wema wake: mpigaji alikuwa mfanyakazi mwenye mshahara, na vyombo vilivyokuwa vigumu kuagizwa kutoka nje vilipatikana. Lakini vyombo havikuwa vyake. Alipoondoka aliondoka na koo lake na vidole vyake. Sasa zama hizo zimepita, na mtu binafsi amechukua nafasi ya taasisi. Mfanyabiashara anayekopesha nusu ya vyombo hajanunua vyombo tu. Ndiye atakayeamua bendi ipige wapi, mpaka saa ngapi, na kwa nguvu gani, kwa kuwa lazima deni lake lirudi. Siku jirani atakapofiwa, kijana atataka kuzima na deni litamwambia aendelee. Waswahili walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Chombo ambacho huna uhuru wa kukizima si chako, hata kama umekibeba mwenyewe begani.

Kwa hiyo niliwashauri wafuate njia ya pili, nikawapa na utaratibu: wanunue maiki kwanza, kisha spika nzuri kabla ya amplifaya kubwa, kisha stendi na waya imara, na jenereta iwe ya mwisho. Waweke pia sharti lao wenyewe, mmoja wao atembee kila baada ya saa moja mpaka nyumba ya mwisho ya kijiji, asikilize, arudi aseme. Walikubali, ingawa mpiga besi alikubali kwa kuwa alikuwa mmoja dhidi ya watano.

Sitaficha gharama ya ushauri huo. Msimu uliofuata walikosa harusi mbili kubwa, kwa sababu wenye sherehe walikuja, wakatazama spika, wakaona ni ndogo, wakaenda kukodi mziki wa mjini. Watu hukodi kwa macho kabla ya masikio. Mpiga besi aliniamkia shikamoo kama kawaida, lakini hakukaa. Ni rahisi kwangu mimi, mzee mwenye pensheni, kusifu kiasi. Wao ndio waliolala bila malipo ya usiku huo. Mtu anayetoa ushauri mwema ambao wengine ndio watakaoulipia hana budi kulikumbuka hilo kila anapofungua kinywa.

Bado nashikilia neno langu, lakini nimeliongezea jingine. Haitoshi kumwambia kijana apunguze sauti, ikiwa sisi wenye kufanya harusi tunampa kazi anayevuma zaidi. Debe tupu haliachi kuvuma, nasi ndio tunaolilipa lizidi kuvuma. Mzazi anayepanga sherehe, mwalimu mkuu anayepanga mahafali, kamati ya kijiji inayotoa kibali, hao wote huchagua vyombo bila kuvigusa. Mwaka huu wa mahafali nilikwenda shuleni mwenyewe, nikaomba wakodi bendi ya vijana hawa, na nikaeleza sababu. Kamati ilikubali kwa tofauti ya kura moja.