Neno Lisilo na Mwenyewe

Mbele ya Pangani pana fungu la mchanga liitwalo Maziwe. Zamani lilikuwa kisiwa chenye miti. Leo maji yajaapo huzama lote. Kasa wangali wakija kutaga, na mayai yao huhamishiwa pwani ya Ushongo yasiharibiwe na maji.

Mwanafunzi wangu aliiuliza mashine ya akili mnemba sababu ya kuzama huko. Ikamjibu kwa ulimi laini: miti ilikatwa, bahari haikupanda. Neno la kwanza lina kweli ndani yake, maana mizizi hushika mchanga. La pili ni batili: tangu 1901 hata 2018 bahari za dunia zilipanda kadiri ya sentimeta 20.

Je, mashine ilisema uongo? Mwongo huijua kweli akaificha. Mashine hupanga neno baada ya neno, kama yanavyoelekea kufuatana katika maandishi yaliyotiwa ndani yake. Haina nia wala haya. Mjumbe hauawi, kwa kuwa nyuma yake yuko aliyemtuma. Walioiunda mashine wana deni kubwa, lakini ujumbe ule hawakuutuma wao. Neno lilikuwa halina mwenyewe, mpaka mwanafunzi alipoliandika katika tasnifu yake. Hapo likapata baba.

Nilimrudishia kazi yake. Kuuliza si kosa. Kosa ni kupokea bila kupima, kisha kumpa mwenzio. Atakayejenga ufukweni kwa kulitegemea neno lile hataidai mashine. Atatudai sisi: yeye aliyeandika, nami ambaye ningalitia sahihi.