Makala Iliyokubaliwa kwa Siku Tatu

Kisa hiki nimekitunga, lakini mambo yaliyomo huwapata watafiti wachanga wa kwetu hadi leo. Kijana ninayemsimulia sitampa jina.

Alizaliwa Kivu, Kongo, akakulia katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, akabahatika kupata ufadhili wa shahada ya uzamili mjini Mbarara. Alipanga chumba Kakiika, na kila alipopata nafasi alipanda gari kurudi Nakivale kukusanya habari za tasnifu yake, iliyohusu pombe na sonona miongoni mwa wakimbizi. Mada aliichagua vyema. Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, walipoanza kufika Watutsi wa Rwanda. Baada yao wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali na Waethiopia. Wengi waliingia pale na vita vifuani mwao, na wapo waliotafuta usingizi ndani ya chupa ya waragi.

Nakivale ina sifa yake katika elimu ya afya ya akili. Mwaka 2008 Frank Neuner, Lamaro Onyut na wenzao walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia katika makazi hayo. Walionyesha kwamba watu wasio madaktari, wakifunzwa vizuri, wanaweza kuwatibu wenye majeraha ya akili yaliyotokana na vita. Kijana wetu aliisoma kazi hiyo mara nyingi. Alitaka naye siku moja asomwe hivyo.

Msimamizi wake alimshauri apeleke makala kwenye jarida linaloaminika. Yapo ya kutosha: liko Addiction, lililoanza mwaka 1884, na liko jarida letu la Kiafrika, African Journal of Drug and Alcohol Studies. Lakini alimwonya kwamba majibu huchukua miezi, na kwamba huenda wahakiki wakamrudishia makala ikiwa imejaa maswali. Kijana aliona wafadhili wanasubiri ushahidi wa kazi, na mahafali yanakaribia. Moyo ukaanza kwenda mbio.

Ndipo ikaja barua pepe. Ilimwita profesa, ilhali hata shahada ya uzamili hajaipata. Ilisifu utafiti wake na kumwalika kwenye jarida lenye jina linalokaribiana mno na la jarida moja kubwa. Akatuma makala usiku uleule. Siku ya tatu akajibiwa: imekubaliwa bila marekebisho yoyote, alipe dola 150. Fedha hizo alizikopa kupitia kikundi cha akiba cha mama yake huko Nakivale, na wiki haikuisha kabla makala haijatoka.

Ndani ya makala ile alikuwa ameweka kisa cha mshiriki mmoja ili kuzipa takwimu uhai. Jina hakulitaja. Aliandika tu kwamba ni mjane wa kutoka Masisi, ana umri fulani, ana mapacha, anapika waragi jirani na kanisa fulani, na alianza kunywa baada ya mambo aliyotendewa njiani alipokuwa akikimbia. Mambo hayo aliyaeleza yote. Msomaji wa mbali angeona simulizi yenye kugusa moyo. Mtu wa kijiji kile aliona jirani yake.

Makala ilisambaa kwenye simu za vijana, na aliyejua Kiingereza akawatafsiria wengine. Kijana aliporudi Nakivale, yule mama alimpokea, akampa kiti, kisha akamwambia: "Mtoto wangu, jina langu ulilificha, lakini mimi mwenyewe umenitoa. Wanangu wamesikia shuleni mambo ambayo sikuwahi kuwaambia."

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu wengi wakisikia habari za majarida ya ulaghai hudhani hasara ni ya fedha na cheti. Kijana huyu hakuwa mhuni. Alikuwa na kibali cha kamati ya maadili ya utafiti, kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na ruhusa ya Ofisi ya Waziri Mkuu ya kufanya utafiti katika makazi ya wakimbizi. Fomu za ridhaa zilikuwa na alama za vidole vya washiriki. Lakini ahadi ya kutunza siri haikamiliki kwa muhuri. Inatimizwa au kuvunjwa siku maneno ya mgonjwa yanapotoka hadharani, na kabla ya siku hiyo mhakiki ndiye mlinzi wa mwisho. Mhakiki mmoja tu aliyeisoma kazi ile kwa makini angeuliza: huyu mama ameridhia kisa chake kichapwe? Je, majirani zake hawatamtambua? Swali hilo lingemchelewesha kijana, na lingemwokoa mama.

Alijaribu kuiondoa makala. Jarida likamdai dola 300. Alipotaka kuiandika upya na kuipeleka kwingine, aliambiwa kwamba kazi iliyokwisha kuchapishwa haipokelewi kama mpya. Na chuo hakikuihesabu.

Mtego huu haukumnasa kijana huyu peke yake. Mwaka 2013 mwandishi wa habari John Bohannon aliandika katika jarida la Science kuhusu mtego aliowatega wachapishaji. Alitunga makala mbovu juu ya dawa ya saratani, akabuni watafiti wa Kiafrika na taasisi zao, mojawapo ikiwa Asmara, Eritrea, kisha akazisambaza nakala zake kwa majarida 304. Majarida 157 yaliikubali, 98 yakaikataa. Jarida pekee lililohoji maadili ya utafiti ule, PLOS ONE, lilikuwa miongoni mwa yaliyoikataa. Inaniuma kwamba Bohannon alichagua majina ya Kiafrika, lakini inaniuma zaidi kwamba wachapishaji wale hawakujali kama mtu wa Asmara yupo au hayupo. Mwaka 2019 mahakama nchini Marekani iliamuru kampuni ya OMICS ya India ilipe zaidi ya dola milioni 50 kwa kuwadanganya watafiti, ikiwa ni pamoja na kudai kwamba makala zao zinahakikiwa na kuwaficha ada mpaka makala ikubaliwe.

Hata zile dola 150 hazikuhitajika. Uganda na Kongo zimo katika orodha ya nchi ambazo wachapishaji wengi wakubwa huwaondolea waandishi wake ada, mradi waombe mapema, wakati wa kutuma makala. Kijana hakulijua hilo kwa sababu hakuuliza, na wakubwa wake hawakumwambia. Lawama hii siwezi kumtwisha peke yake. Wafadhili wanaohesabu makala bila kuzisoma wana sehemu yao, na msimamizi anayemwambia mwanafunzi "chapisha" kisha akamwacha apambane mwenyewe ana sehemu kubwa zaidi.

Wewe unayeandika tasnifu sasa hivi Kakiika, Bukavu, Eldoret au Dodoma: ukipata barua ya sifa kutoka jarida usilolijua, usijibu usiku huo. Mpelekee mkutubi wa chuo jina lake, atazame kama limo katika orodha ya majarida huria ya DOAJ au ya majarida ya Kiafrika ya AJOL, na kama wahariri wake ni watu wanaojulikana na wenzao wa fani hiyo. Kisha soma tena kila mstari unaomhusu mgonjwa, ukiwa pamoja na mtu wa kijiji chake anayefahamu nini maana ya siri. Akimtambua, futa mstari huo kabla hujatuma.