Deni la Marehemu Kwanza, Urithi Baadaye

Ndugu Waislamu, wengi wetu hatumalizi matanga kabla ya kuulizana, "Kaacha nini?" Swali la kwanza ni jingine: "Anadaiwa nini?"

Aya ya 11 ya Suratun Nisaa imeweka urithi baada ya wasia na deni. Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu aliyedaiwa dinari 3, hakumsalia mpaka Abu Qatada alipolibeba deni lile. Sisi je, twagawana mashua na deni bado li shingoni mwa maiti?

Deni linalosahauliwa sana ni mahari ya mjane ambayo haikulipwa. Hilo ni deni kama la dukani. Tena, kilicho chake si cha marehemu. Mwanamke wa Mlingotini aliyelima mwani, kamba zake na fedha zake hazimo katika mirathi, hata zikiwa ndani ya sanduku la mumewe.

Yakishatoka hayo, tuseme imebaki minazi 40, wazazi wa marehemu hawapo, ameacha mjane, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Mjane atapata 5, kila mwana 14, binti 7. Ami hana fungu hapo. Na akiteuliwa na Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi, yeye ni mtunzaji tu, hakugeuka mrithi.

Ewe ndugu yangu, kabla hujaangua nazi ya yatima, isome aya ya 10 ya sura hiyo hiyo, ujue utakachokuwa unakitia tumboni.

Wabillahi tawfiq.