Gurudumu Linalokataa Kunyooka

Ifakara ni mji wa baiskeli. Alfajiri, kabla bodaboda hazijaanza kugombania abiria pale Kibaoni, barabara huwa ya wenye baiskeli: mama mwenye mtoto mgongoni na kapu la mchicha nyuma, mzee aliyefunga jembe kwenye fremu, kijana aliyepakia gunia la mpunga mpaka ringi ya nyuma inalia. Bonde la Kilombero ni tambarare, milima ya Udzungwa imesimama kando kama ukuta, na mtu mwenye baiskeli nzima hufika shambani, hospitalini na sokoni bila kuomba nauli kwa yeyote. Penye baiskeli nyingi hapakosi fundi chini ya mwembe, na karai lake la maji la kutafutia pancha, kopo la solusheni na spana zilizopakaa grisi.

Fundi huyo akipokea kijana wa kujifunza kazi, kuziba pancha humfundisha kwa siku moja. Kunyoosha ringi ndiko kunakomtoa jasho. Baiskeli hupinduliwa ikakalia siti na usukani, gurudumu likazungushwa polepole, kidole gumba kikawekwa kando ya ringi kusubiri pale palipopinda papite na kukigusa. Mgeni wa kazi akiona ringi imelalia kulia, huikimbilia spoki ya kulia na kuikaza, akidhani anaisukuma irudi. Ringi inazidi kulalia kulia. Anakaza tena, nayo inazidi tena. Spoki ni waya tu, haina ubavu wa kusukuma. Inavuta. Ya kulia huvuta kulia, ya kushoto huvuta kushoto, na dawa ni kulegeza huku kidogo na kukaza kule kidogo, robo mzunguko wa nati kwa robo mzunguko. Anayekaza kwa hasira huishia na ringi yenye umbo la yai.

Kwenye daftari la fizikia jambo hilo huchukua mistari mitatu. Linakaririwa, linajibiwa kwenye mtihani, linasahaulika. Chini ya mwembe hakuna kalamu nyekundu, ila kijana amejua amekosea kabla fundi hajafungua mdomo, na kosa lenyewe limemweleza kitu ambacho jibu sahihi lisingemweleza.

Habari hiyo ya kujua kwa mikono imerudi kuzungumzwa Tanzania kwa nguvu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeigawa sekondari katika mikondo miwili, wa elimu ya jumla na wa amali, na Januari 2024 mtaala mpya wa mkondo wa amali ulianza kutumika kidato cha kwanza katika shule zilizokuwa na uwezo wa kuupokea. Sasa mtoto wa miaka kumi na minne anaweza kusoma hisabati asubuhi na mchana akawa karakanani: umeme, uashi, useremala, magari, ushonaji, kilimo. Neno “karakana”, ambalo kwa wazazi wengi lilikuwa limebaki kwenye hadithi za babu zao, limerudi kwenye ratiba ya shule.

Wazo lenyewe si geni. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, akilalamika kwamba shule zinawatenga vijana na kazi za jamii iliyowasomesha. Baadaye sekondari zikapewa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu, na shule za ufundi kama Ifunda, Moshi, Tanga na Mtwara zikatoa mafundi na wahandisi ambao wengine wamestaafu juzi tu. Kisha kasi ikapungua. Vifaa vilichakaa, walimu wa ufundi wakawa wachache, na shule mpya zikafunguliwa nyingi kuliko maabara. Ilifika mahali mwanafunzi asiye na maabara akapewa mtihani wa “mbadala wa vitendo”: anaelezwa kwenye karatasi jaribio lililofanywa na mtu mwingine, anapewa vipimo vilivyokwisha kupimwa, naye anakokotoa. Aliweza kufaulu vizuri bila kuwahi kushika waya wala chupa ya kemikali. Zaidi ya yote, kipimo chake hakikuwahi kugoma.

Bonde la Kilombero lina kumbukumbu tofauti. Kati ya 1970 na 1975, reli ya TAZARA ilipokuwa inajengwa kwa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, Mang'ula na Mlimba zilikuwa kambi kubwa za kazi. Maelfu ya vijana wa Kitanzania walifika pale, wengi wao hawajawahi kushika mashine yoyote. Mafundi wa Kichina waliowafundisha hawakuwa na Kiswahili cha kutosha, na vijana hawakuwa na Kichina hata kidogo. Ikabaki njia moja: tazama mkono wangu, kisha fanya. Aliyechomelea vibaya aliona kiungo kikiachia, akachomelea tena. Kwa namna hiyo watu wakajifunza kuchomelea, kuendesha mitambo, kupasua miamba na kutandika reli, hadi vyuma vikapanda kutoka Mlimba kwenda Makambako, kipande kilichokuwa kigumu kuliko vyote kwa mahandaki na madaraja yake. Karakana ya Mang'ula, iliyohudumia mitambo ya ujenzi, ilibaki baada ya reli kukabidhiwa Julai 1976 ikawa kiwanda cha mashine na vipuri.

Reli hiyo hiyo imeacha somo la upimaji pale Kidatu, kaskazini mwa bonde. Ndipo inapokutana na tawi la Reli ya Kati linalotoka Kilosa. Upana kati ya vyuma viwili vya Reli ya Kati ni milimita 1,000. Wa TAZARA ni milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, haifiki hata upana wa vidole vinne vya mtu mzima, na kwa sababu yake behewa la upande mmoja haliwezi kuendelea upande wa pili bila kubadilishwa magurudumu. Mzigo unashushwa na kupakiwa upya. Mwalimu wa amali anayetaka kumweleza mwanafunzi kwa nini rula husomwa kwa jicho lililonyooka, na kwa nini “inakaribia” si kipimo, angempandisha basi akamwonyeshe Kidatu.

Hata hivyo mahali ambapo Ifakara imejulikana duniani kwa kujaribu, kukosea na kujaribu tena ni kwenye vita na mbu. Mwaka 1957 Mswisi Rudolf Geigy, mtaalamu kutoka Basel, alianzisha hapa maabara ndogo ya utafiti, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Kazi ilikuwepo tele. Utafiti uliofanywa kijiji cha Namawala kabla vyandarua vyenye dawa havijaenea ulionyesha kwamba mtu mmoja angeweza kuumwa kwa mwaka na mamia ya mbu waliobeba vimelea vya malaria. Kwa hiyo watafiti wa hapa hawajaishia kwenye darubini. Wameshika nyundo, misumeno na sindano za kushonea. Wametengeneza mtego wenye umbo la hema, unaoitwa kwa jina la mji wenyewe. Wametengeneza sanduku la mbao ambalo seremala yeyote wa mtaani angeweza kulipiga, la kuwavuta mbu kwa harufu ili watue na kufa. Wamechukua vipande vya gunia, wakavilowesha dawa ya kufukuza mbu na kuvizungushia chini ya paa, kwenye ule uwazi kati ya ukuta na bati ambao mbu wa malaria huufanya mlango wake.

Kisa kimoja kinafaa kusimuliwa katika kila darasa la ufundi. Mwaka 2010 mtafiti Fredros Okumu na wenzake walichapisha matokeo ya mchanganyiko wa harufu walioutengeneza kwa kuiga harufu ya mwili wa binadamu. Waliuweka katika kibanda cha majaribio, na katika kibanda kingine akalala mtu. Mbu waliingia kwenye kibanda cha harufu ya bandia mara tatu hadi tano zaidi ya walivyoingia kwa mtu. Mtafiti mwenye haraka angefunga daftari hapo na kuita waandishi wa habari. Wao waliendelea na swali lililofuata: mchanganyiko huo na mtu wakiwekwa ubavu kwa ubavu, je? Sasa mchanganyiko ukavuta mbu sawa na mtu, au chini yake. Kwa mbali harufu ya bandia ilishinda; kwa karibu, haikumshinda binadamu. Sasa ikajulikana mtego wa aina hiyo uwekwe wapi: mbali na anapolala mtu, usiwe chini ya kitanda chake. Jaribio la pili, lile ambalo mtu wa kujisifu asingelifanya, ndilo lililotoa maelekezo ya matumizi.

Darasa la sekondari halihitaji maabara ya namna hiyo. Bonde limejaa maswali yanayoweza kuwekwa mezani kwa gharama ya turubai. Chukua mpunga. Kila msimu mkulima wa Mbingu au Mang'ula anapeleka magunia yake mashineni, na mara nyingine anarudi na chenga nusu ya ndoo wakati jirani yake, mwenye mbegu ile ile na mashine ile ile, amepata mchele mrefu uliosimama. Wenye uzoefu hutafuna punje: ikilainika haijakauka, ikivunjika kwa mlio safi iko tayari. Wataalamu husema unyevu wa asilimia 14 ndio unaofaa kwa kukoboa. Mwanafunzi anaweza kupima gramu mia za mpunga mbichi kwa mizani ya duka, akauanika sehemu mbili, moja juani moja kwa moja kwa siku nzima na nyingine kwa tabaka nene linalogeuzwa kila saa, akaupima tena uzito, akaukoboa, kisha akahesabu punje nzima na chenga. Mpunga uliochomwa na jua kali hupasuka ndani ya ganda kabla haujafika mashineni. Mwanafunzi aliyeanika kwa haraka ili amalize mapema ataziona nyufa hizo kwa macho yake, na takwimu za kundi lake zitakuwa mbaya. Swali ni kama mwalimu atampa alama kwa takwimu hizo mbaya alizoziandika kwa uaminifu.

Hapo ndipo penye wasiwasi wa kweli kuhusu amali, kuliko upungufu wa misumeno na randa, ambao nao upo. Watanzania wengi wanakumbuka somo la stadi za kazi. Mwanafunzi anaambiwa alete ufagio, mkeka au mwiko aliotengeneza mwenyewe. Usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi, mama anatuma mtu sokoni. Asubuhi mwiko mzuri, laini, uliochongwa na mzee asiyejulikana, unawekwa mezani na kupata alama tisini. Mtoto aliyechonga wake usiku kucha, wenye ulimi mnene upande mmoja, anapata hamsini. Watoto wote wawili wamejifunza siku hiyo, na walichojifunza hakihusiani na mbao. Wa kwanza amejua kwamba kazi ya mikono hununuliwa. Wa pili amejua kwamba kidonda cha kidole hakina alama.

Mtaala mpya ukipima kitu kilichokamilika peke yake, soko litafanya mtihani kwa niaba ya watoto. Ukipima na safari yenyewe, yaani daftari la majaribio, kipande cha kwanza kilichoharibika na maelezo ya kwa nini kiliharibika, hapo hakuna duka la kukimbilia. Maonyesho ya Young Scientists Tanzania, yanayowakutanisha wanafunzi wa sekondari na miradi yao ya utafiti kwa zaidi ya miaka kumi sasa, yameonyesha kwamba vijana wa shule za kawaida wanaweza kusimama mbele ya majaji na kueleza walichokipima na walipokwama. Jaji mzuri hutambua haraka nani amefanya na nani amekariri. Anauliza, “Mara ya kwanza ilishindikana wapi?” Aliyefanya ana majibu mengi.

Kuna pia maneno ya sebuleni. Wazazi wengi bado wanaamini amali ni chumba cha waliofeli, na kwamba mtoto mwenye akili hukaa mbele ya ubao. Wanasema hivyo wakiwa na simu iliyotengenezwa na mhandisi, baada ya kuvuka mto Kilombero kwenda Mahenge kwa daraja la mita 384 lililopokea kazi ya kivuko. Vivuko na mitumbwi ya mto huu vimewahi kuchukua maisha ya watu. Waliolikokotoa daraja lile walilijua bonde linapojaa maji linakuwa na upana gani, na nguzo zake sasa zinapimwa kila masika.

Jioni, Ifakara, vumbi limeanza kutulia. Yule kijana chini ya mwembe anaamini amemaliza. Fundi hamsifu wala hamkosoi, anamwambia tu, “Pakia gunia, nenda Viwanja Sitini urudi.” Kijana anaondoka akiyumba, mpunga umemlemea nyuma, anapotea kwenye kona. Anarudi baada ya dakika ishirini, ametota jasho, anashusha gunia na kuzungusha gurudumu kabla hajaambiwa. Ringi inapita kwenye kidole gumba mara moja, mara mbili, kisha inakigusa, kidogo sana. Anaguna. Anaipindua baiskeli, anaichukua spana, na safari hii anaanza kwa kulegeza.