Aliye na Haki ya Kufundishwa

Sura ya themanini ya Kurani, iitwayo Abasa, kila mtoto wa chuoni huihifadhi, lakini akali ya watu ndio wanaokaa kitako kuitafakari. Wafasiri husimulia kwamba Mtume, sala na salamu zimshukie, alikuwa katika mazungumzo na wakuu wa Makureshi, akitaraji kwamba wakisilimu hao umma ungewafuata, ndipo alipoingia Abdullah bin Umm Maktum, kipofu asiye na jaha, akiomba afundishwe. Mtume akakunja uso, akageuka. Lawama iliyoteremka ilimwelekea mwalimu. Aliyejiona hana haja ndiye aliyekuwa akishughulikiwa, na aliyekuja mbio kwa kumcha Mola wake ndiye aliyepuuzwa.

Mas'ala haya hayakuwa mepesi. Wakati wa mwalimu ni mchache, na kumsomesha mmoja mwenye amri kwaweza kuwanufaisha maelfu walio chini yake. Kwa hoja ya namna hiyo, ingawa bila ya ile nia safi, serikali ya Kiingereza ilifungua shule ya Tabora mwaka 1925 kwa ajili ya wana wa machifu, kwa kuwa iliazimia kuitawala Tanganyika kwa mikono ya watawala wa jadi, na ilitaka watawala hao wajue kuandika hesabu za kodi. Baadaye mlango ulipanuliwa kidogo, wakaingia na waliofaulu mitihani. Na Julius Nyerere, aliyefika hapo mwaka 1937, alikuwa na sifa zote mbili, mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki na mwanafunzi hodari, akatokea kuwa mtu ambaye waliomfundisha hawakumkusudia kabisa.

Upande wa pwani hesabu ilikuwa nyingine. Mwanamke mwenye elimu hakuwa jambo geni, kwani Mwana Kupona alimtungia binti yake utenzi wa wasia mwaka 1858. Lakini wazee wengi waliridhia binti asome Msahafu, wakakhofu kumtia kalamu mkononi, wakisema ataandikiana barua na wanaume. Serikali ya Unguja ilipofungua shule yake ya kwanza ya wasichana mwaka 1927, ilibidi wazazi wabembelezwe, na hoja iliyowatuliza aghalabu ilikuwa kwamba binti aliyesoma atakuwa mke mwema na mlezi bora. Hoja hiyo ilifungua milango, nami siidharau. Hata hivyo imembeba binti kama chombo: afundishwe kwa ajili ya mume na watoto ambao bado hajawapata. Je, tasa? Je, mjane aliyekwisha lea?

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, kisha akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, alipowahimiza Waislamu wawasomeshe mabinti zao, alikuwa na msingi ulio imara zaidi. Hadithi mashuhuri imekufanya kutafuta elimu kuwa faradhi, na faradhi humpata kila mwenye akili timamu pasipo kuulizwa atamfaa nani. Ikiwa ndivyo, amzuiaye mwenziwe asisome hakumnyima ihsani, amemzuilia ibada. Kwa mizani hiyo twaweza kumtazama mzee Kimani Maruge wa Kenya, aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84, ada zilipokwisha ondolewa, akisema ataka kujisomea Biblia. Mwenye kuhesabu faida za taifa hatapata jibu la kumpa mzee yule.

Nakiri kwamba faradhi haijengi madarasa. Chama cha TANU kilipoazimia huko Musoma mwaka 1974 kwamba kila mtoto wa umri wa shule awe shuleni ifikapo 1977, waalimu hawakutosha, wakatafutwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa kazi huku wakifundisha. Waliolalamika kwamba elimu imeshuka walisema kweli. Ila wengi wao walikuwa wamekwisha kusoma, na ni rahisi kwa aliyeshiba kuuliza kama wali umeiva sawasawa.

Yaliyo magumu zaidi ni ya msichana aliyezaa. Kwa miaka mingi Tanzania ilimfukuza shule, kwa dhana kwamba akirudi atawaharibu wengine, hata ilipofika Novemba 2021 ndipo serikali ikamruhusu arejee. Baadhi ya wenye kupinga walinena kwa jina la dini. Lakini sharia humwondolea mzazi sala siku za nifasi, yaani damu ya uzazi, tu, kisha humrejeshea, awe alizaa katika ndoa au nje yake. Wala sijapata kusikia fakihi aliyetoa fatwa kwamba aliyekosa asisali tena umri wake wote.