Imani ya Kurithi na Rafu Isiyo na Kufuli

Kuna swali ambalo sisi wazazi wa Kikristo wa rika langu hatulipendi, na ukweli ni kwamba tunalikwepa kwa sababu likiulizwa vizuri linauma. Je, ni haki kumpa mtoto imani kabla hajawa na akili ya kuikataa?

Kanisani jibu lake ni rahisi: samaki mkunje angali mbichi. Kwenye chumba cha habari ninakofanya kazi jibu nalo ni rahisi, ila limegeuzwa: mwache akue, atachagua mwenyewe. Mwenzangu mmoja alinitania siku moja, "Dada, nyie mnawapigia kura watoto ambao hata hawajaandikishwa." Nilicheka. Halafu nikabaki na ule utani siku kadhaa, kama mwiba mdogo kidoleni.

Nyumbani kwetu ni Wakatoliki wa kawaida tu. Jioni kuna sala fupi, Jumamosi kuna kazi za mikono, kabla ya kulala kuna hadithi. Mkubwa ana miaka tisa, mdogo ana sita. Hakuna aliyewauliza kama wanataka kubatizwa. Kwa hiyo swali hili kwangu si la darasani.

Mtu aliyelisukuma mbali kuliko wengi ni Jean-Jacques Rousseau. Mwaka 1762 alichapisha Émile, kitabu kinachomfuata mvulana wa kubuni tangu kuzaliwa hadi kuoa. Humo anashauri kwamba mtoto asifundishwe dini mapema. Afike hata miaka kumi na mitano bila kujua kama ana roho, maana mtoto anayekariri mambo ya Mungu asiyoyaelewa anajifunza kutamka tu, hajifunzi kuamini. Kitabu kilichomwa moto Paris na Geneva. Kuna wanaomjibu kwa kukumbusha kwamba mwenyewe aliwapeleka watoto wake watano kwenye nyumba ya watoto walioachwa. Ni kweli, na alikiri kwa kalamu yake. Lakini hilo si jibu. Mlevi akikwambia pombe ni mbaya, pombe haigeuki kuwa nzuri kwa sababu yeye kalewa.

Jibu langu kwa Rousseau ni jingine. Nyumba tupu haipo. Mtoto usiyemfundisha kusali bado anafundishwa kitu: anaona unachokikimbilia ukipata shida, anasikia unavyomsema jirani, anajua pesa inapewa heshima kiasi gani mezani. Wahenga walishasema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa sasa una simu, matangazo na mikeka ya kubeti. Anayesema "nimemwacha achague" mara nyingi amemwacha achaguliwe na wengine.

Wengi huishia hapo, wakaongeza kwamba dini ni kama lugha: hatumsubiri mtoto afike miaka kumi na minane ndipo tumuulize kama angependa Kiswahili. Mfano huu naupenda, ila unachechemea. Kiswahili hakimwambii mtoto kwamba Kihaya ni uongo. Imani inadai kitu kuhusu ukweli, na inadai utii. Anayejifunza lugha ya pili hamlizi mama yake. Anayebadili dini, mara nyingi, anamliza.

Mwanangu mkubwa alilifikia jambo hili bila msaada wa Rousseau. Jioni moja, sala ikiwa haijaisha, akauliza: "Mama, ningezaliwa kwa kina jirani, si ningekuwa Mwislamu?" Baba yake akaniangalia. Nikamwambia, ndiyo, huenda ungekuwa. Akafikiri. "Na ungenipenda?" Nikamjibu kwamba angekuwa na mama mwingine, na mama huyo angempenda sana. Aliona jibu hilo halimtoshi, na kweli halikutosha. Sheria ya nchi inalo jibu lake: Katiba ya 1977, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa dhamiri na imani, pamoja na uhuru wa kubadili dini. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia 1991, unautambua uhuru wa mtoto wa mawazo, dhamiri na dini, na papo hapo unawatambua wazazi kama waongozaji, kadiri uwezo wa mtoto unavyokua. Kwa hiyo kuongoza kunaruhusiwa. Swali linabaki: unaongoza kwa nini?

Fasihi yetu ina onyo kali kuhusu kuongoza kwa woga. Euphrase Kezilahabi, aliyepitia seminari kabla ya chuo kikuu, alichapisha Rosa Mistika mwaka 1971. Jina lenyewe limetoka kwenye litania ya Bikira Maria. Zakaria, baba mlevi, anamchunga bintiye Rosa kwa kipigo. Barua ya mvulana tu inageuka kesi nyumbani. Rosa anakua akiwaogopa wavulana bila kuwajua. Anapofika mbali na macho ya baba, chuoni Morogoro, hana kitu ndani yake cha kumwongoza, kwa sababu alichopewa kilikuwa ukuta tu, na ukuta haukusafiri naye. Anaangamia. Kitabu kiliwahi kupigwa marufuku shuleni, eti kitawaharibu vijana, na hapo waliokizuia wakafanya kilekile alichofanya Zakaria. Mimi nakiona kuwa miongoni mwa vitabu vya malezi vyenye uzito zaidi tulivyonavyo, ingawa hakimfundishi mzazi hatua hata moja ya kufuata.

Sasa, kama woga haufai na utupu haupo, kinabaki nini? Kwetu tumeangukia vitu vitatu, na kila kimoja kina mtego wake.

Cha kwanza ni kazi za mikono. Kabla ya Jumapili ya Matawi tunakaa mkekani na kusuka misalaba midogo ya majani ya mtende. Desemba tunajenga pango la Krismasi kwa maboksi, udongo na nyasi. Nilidhani tunafundisha dini. Baadaye nikaona jani lenyewe linafundisha zaidi yangu. Ukilivuta kwa nguvu linachanika. Ukilegeza, msalaba unafumuka. Mtoto hawezi kulidanganya wala kulibembeleza, na mimi siwezi kumpa amri ambayo jani litaitii. Kwa hiyo tunakuwa wanafunzi wawili wa kitu kimoja, na hicho kitu hakijali nani mkubwa. Rousseau naye alitaka Émile ajifunze useremala, na hapo nakubaliana naye kabisa: mbao haina upendeleo.

Halafu msalaba ule hukaa nyuma ya picha ukutani mpaka ukauke. Matawi ya zamani yanarudishwa kanisani, yanachomwa, na majivu yake tunapakwa usoni Jumatano ya Majivu inayofuata. Mdogo wangu alipolijua hilo alishangaa: "Kumbe ule wangu ndio huu?" Sikuwa na la kuongeza. Alikuwa ameelewa kuhusu kifo na mwaka kitu ambacho katekisimu ingechukua ukurasa mzima kukieleza.

Mtego uko hapa: kuna kazi za mikono ambazo ni za uongo. Karatasi yenye picha ya safina iliyokwisha kuchorwa, mtoto apake rangi asivuke mstari, mwisho aandike jibu ambalo tayari limeandikwa kwa wino hafifu. Hapo mikono inacheza tu, kichwa kimeshaamuliwa. Ukitaka kujua kama nyumba inalea au inapiga muhuri, angalia kama mtoto akijenga pango lake na akaweka pundamilia mahali pa punda, anaambiwa atoe. Letu lilikuwa na pundamilia na bajaji moja ya waya. Mamajusi walipanda bajaji.

Cha pili ni vitabu. Rafu yetu ina Biblia ya Union Version na Hekaya za Abunuwasi, zikiwa bega kwa bega. Ndugu mmoja mkubwa wa jumuiya yetu alinishauri nimwondoe Abunuwasi: mjanja, mwongo, anawapiga chenga wakubwa. Nikamuuliza kwa heshima, "Kaka, na Yakobo je?" Maana Yakobo alijifunika ngozi za mbuzi amdanganye baba yake kipofu, akaondoka na baraka. Biblia si kitabu cha watoto wenye adabu. Ndani yake Ayubu anabishana na Mungu waziwazi, na mwishoni wanaokemewa ni marafiki zake waliomtetea Mungu kwa maneno ya kukariri. Mzazi anayeificha Biblia hiyo na kutoa ile ya picha tu, yenye safina na pinde za mvua, anaficha sehemu itakayomsaidia mtoto siku akizikwa rafiki yake.

Na vitabu vya nje ya imani? Hapa namkumbuka Agostino, Mwafrika wa Thagaste, nchi tunayoiita leo Algeria. Katika Maungamo yake anajilaumu kwa kumlilia Dido, malkia wa kwenye utenzi wa Virgil, wakati hakuilia roho yake mwenyewe. Namheshimu, lakini nadhani alikosea kuhusu machozi yale. Kijana aliyejifunza kulia kwa ajili ya mtu wa kubuni ndiye aliyekuja kuandika kitabu ambacho watu wanakililia karne kumi na sita baadaye. Moyo mmoja huo huo. Ndiyo maana rafu yetu haina kufuli. Ina urefu tu: vya juu vinafikiwa ukikua. Rosa Mistika iko juu. Mkono ukiifikia, tutaisoma pamoja, na najua kutakuwa na usiku mgumu.

Cha tatu, na kigumu zaidi, ni muda. Mwandishi wa habari wa Dar es Salaam anaijua foleni na anaijua zamu ya usiku. Muda wa familia ukiwa haba, kishawishi ni kuufanya mahakama: dakika ishirini za pamoja, zote za kuuliza maksi, kukemea na kuhubiri. Mtoto akijifunza kwamba kukaa na mama ni kukaguliwa, atajifunza pia kwamba Mungu anakagua. Mimi naona kuchambua mchele pamoja bila kusema neno la dini kunaweza kuwa katekesi kuliko rozari inayosaliwa kwa hasira.

Lakini hata nikifanya haya yote vizuri, mwiba wa mwenzangu haujang'oka. Bado nimewapa wasichokiomba. Kwa hiyo nimeanza kulipima swali kwa upande wa pili. Tunabishana sana kuhusu nini mtoto anafundishwa. Nadhani haki ya jambo hili inaonekana siku anapokataa. Akisema hapana, atalala wapi? Atakula na nani? Jina lake litatajwa bado sebuleni? Imani iliyofundishwa kwa upole miaka kumi na nane, kisha ikageuka fimbo siku ya kumi na nane na moja, ilikuwa fimbo tangu mwanzo, ila ilikuwa imefungwa kwenye kanga.

Najua pingamizi, kwa sababu ni langu. Kama kweli naamini, siwezi kujifanya sijali. Sitamwambia mwanangu kwamba ni sawa tu, maana kwangu si sawa, na mtoto ananusa unafiki haraka kuliko moshi. Monika hakujifanya. Agostino alimdanganya, akapanda meli usiku kwenda Roma wakati mama yake anasali. Alilia, akamfuata ng'ambo, akaendelea kuwa mama yake. Mwanawe alibatizwa Milano mwaka 387, mtu mzima, kwa hiari yake. Angekataa mpaka mwisho, nadhani Monika angeendelea kulia na kuendelea kumpikia. Baba wa yule mwana mpotevu naye alimkabidhi mwanawe fungu lake kabla hajaondoka. Hakumnyima nauli ili abaki.

Na wa kwetu wa pwani, Mwana Kupona, mjane mgonjwa, aliyemwita bintiye mwaka 1858 aje na wino na karatasi ampe wasia. Alimpa dini yake, ya Kiislamu, na kila alichokijua kuhusu kuwa mke katika dunia ile. Leo tunausoma utenzi ule na kubishana nao. Wapo wanaoukataa sehemu kubwa. Hakuna anayeshuku kwamba alimpenda mwanawe. Alitoa alichonacho, akafa, na kilichofuata kikawa cha binti.

Hapo ndipo nilipofika, na si mbali sana. Nitaendelea kusuka nao misalaba. Mkubwa juzi ameuliza kama Ayubu alikuwa mtu kweli au ni hadithi, na tumekubaliana asome kwanza ndipo tubishane. Amefika sura ya tatu. Nyie wenzangu mnaosoma hapa, rafu zenu nyumbani zikoje? Na mmeweka nini kule juu?