Huzuni si Uvivu

 

Enyi ndugu zetu wa Kinoru, wengi katika jamaa zetu ni watumishi wa serikali: walimu, wauguzi, makarani wa kaunti. Hutokea mmoja wao akashikwa na dhiki ya nafsi, usingizi ukamhama, na kila akiukaribia mlango wa ofisi kifua kikambana. Akikosa kazini siku tatu, jirani husema ni mvivu, mkubwa wake husema ni mtoro, na nyumbani husema ana jini. Naye kwa kuona haya hutuma habari kwamba ana malaria. Basi huyu ni mgonjwa, na juu ya ugonjwa tumemtwika uwongo.

Amepokea Anas bin Malik, katika Bukhari, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga sana kwa Mola wake na dhiki ya moyo, na huzuni, na kushindwa, na uvivu. Tazameni! Amevitaja mbali mbali, kila kimoja kwa jina lake. Lau huzuni ingekuwa ndiyo uvivu, asingevitenga. Sisi tumevikusanya vyote tukaviita uvivu. Na Nabii Yaakub (A.S.) alimlilia Yusuf hata macho yake yakawa meupe; ni nani athubutuye kusema kuwa imani yake ilikuwa haba?

Wala wanavyuoni wetu wa kale hawakughafilika. Abu Zayd al-Balkhi, aliyekufa mwaka 322 wa Hijra (934), aliandika kitabu cha siha ya mwili na ya nafsi pamoja. Na hospitali aliyoijenga Sultani Qalawun mjini Cairo mwaka 1284 ilikuwa na mahali pa wenye maradhi ya akili. Leo sisi tukitajiwa Mathari, iliyoko Nairobi tangu 1910, twacheka.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30, yampa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo siku zisizopungua saba za ugonjwa kwa mshahara kamili, na saba kwa nusu mshahara, katika kila mwaka, maadamu amjulishe mwajiri mapema na alete hati ya tabibu. Haikusema malaria peke yake. Lakini anayenunua hati hali ni mzima amekula mali ya umma, na ndiye awafanyaye wagonjwa wa kweli wasisadikiwe.

Kisomo cha Qur'ani hatukikatazi. Twakataza kumficha mgonjwa nyumbani au kwa mganga, mpaka kazi ikampotea, ilhali Mtume (S.A.W.) ameamrisha kutafuta dawa, na Hospitali ya Rufaa ya Meru si mbali.

Na aliyepewa dawa za kila siku asiziwache kwa maneno ya watu. Ikifika Ramadhani na amwulize tabibu. Akiambiwa saumu itamdhuru, ale, alipe siku nyingine atakapopona.